Saikadi yastawi Garissa, lakini chunga mbuzi

Miaka kadhaa iliyopita nilipanda basi la alfajiri kutoka Nairobi kwenda Garissa nikiwa nimepakata chungu cha maua. Safari hiyo ni ya kilomita 370 hivi, kupitia Thika na Mwingi, na kila tulipovuka tuta nilikikumbatia chungu changu kama mzazi aliyebeba mwana. Ndani yake mlikuwa na mmea mfupi, wenye shina la ukubwa wa nanasi na majani magumu yaliyotandaa kama ya mnazi. Mama mmoja wa makamo aliyeketi kando yangu aliligusa jani moja kwa ncha ya kidole, akakirudisha haraka.

"Una miiba huu! Unampelekea nani?"

Nilimweleza kwamba nampelekea dada yangu aliyeolewa Garissa, naye apate kitu cha kijani mbele ya nyumba. Mama yule alicheka hadi akajifunika mdomo kwa shungi.

"Garissa tuna mwarobaini," akasema. "Huo wako utakufa kabla ya Ramadhani."

Haukufa. Ila ulikaribia kufa mara mbili, na kabla mambo hayajatulia ulikuwa umeshanipeleka mbele ya mzee mmoja jirani kujibu kesi ya mbuzi. Siku hizi naona familia nyingi za mijini zikinunua mmea huu, na baadhi zikiwapelekea jamaa zao wa mikoani kama nilivyofanya mimi. Kwa hiyo nimeona niyaeleze hapa yale ambayo hakuna aliyenieleza siku ile nilipotoa pesa.

Si mnazi wala mtende

Mmea wenyewe huitwa saikadi. Wauzaji wa miche wa kandokando ya barabara huuza kwa jina la pamu, na mnunuzi huenda zake akiamini amepata aina fulani ya mtende. Sivyo. Saikadi haitoi maua hata siku moja. Huzaa koni, kama msonobari, na kwa kweli undugu wake na msonobari ni wa karibu kuliko undugu wake na mnazi. Ukoo huu ulikuwapo duniani yapata miaka milioni 280 iliyopita, kabla ya dainosari. Wengine kwa sababu hiyo huziita saikadi visukuku vilivyo hai, lakini utafiti wa chembe za urithi uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba aina nyingi tulizo nazo leo zilitokea katika muda wa miaka milioni 12 hivi ya karibuni. Ukoo ni mkongwe, watoto ni wa juzi.

Kila mti ni dume au jike, na huwezi kujua ni upi mpaka utoe koni, jambo ambalo laweza kuchukua miaka 10, 15 au zaidi. Chavua hubebwa na wadudu, hasa fukusi wanaoishi ndani ya koni zenyewe. Ndiyo maana saikadi ya kiume iliyopandwa peke yake mbele ya hoteli, bila jike wala fukusi, huzeeka kapera. Kisa cha kusikitisha zaidi ni kile cha Afrika Kusini: mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta mti mmoja wa kiume katika msitu wa Ngoye, Natal, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata kuuona mti wa kike wa aina hiyo. Miti yote ya aina hiyo iliyopo duniani imetokana na machipukizi ya dume lile moja.

Aina iliyo katika vyungu vingi vya Nairobi, na ndiyo niliyoibeba mimi, asili yake ni visiwa vya kusini mwa Japani. Ni ngumu kama mgeni aliyezoea safari: huvumilia jua kali na pia baridi ya kushuka chini ya sufuri. Lakini tusisahau kwamba nasi tuna saikadi zetu. Katika misitu ya Pwani, kama vile Arabuko-Sokoke na Shimba Hills, imo ile iliyopewa jina la Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea Afrika Mashariki katika miaka ya 1870. Katika vilima vya Maungu, karibu na Voi, imo nyingine ambayo wataalamu waliitambua rasmi mwaka 1989, na wakaiita kisambo. Na huko Samburu, juu ya safu ya milima ya Mathews na mlima Ololokwe, imo ya tatu, refu, ambayo yaweza kufikia mita 10.

Hiyo ya Samburu ndiyo ningependa msomaji aitafakari, kwa maana yatueleza habari za kaskazini. Chini, tambarare ni ya migunga na vumbi, ngamia na mbuzi. Huoni saikadi hata moja. Panda mlima mpaka mahali ambapo ukungu hutua asubuhi, na hapo utazikuta zimesimama miambani. Saikadi haikatai joto, wala haikatai kukaa bila mvua kwa miezi. Inachotaka ni mawe yanayopitisha maji upesi chini ya mizizi yake, na kivuli au unyevu kidogo hewani. Ukiweza kuvipata hivyo viwili ndani ya chungu, basi umeumudu mmea huu popote.

Jua la kwanza, ndoo ya pili

Garissa iko kando ya Mto Tana, mita 150 tu hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana joto hufika nyuzi 35 Sentigredi na kupita, na mvua za mwaka mzima kwa wastani hazifiki milimita 400. Nilipofika tu, dada yangu alikitua chungu mahali pa heshima, mbele ya mlango, juani. Kosa hilo ni langu mimi, si lake. Mmea ule ulikuwa umekuzwa chini ya wavu wa kivuli, na ngozi ya majani yake haikuwa tayari. Katika muda wa wiki moja majani yaligeuka rangi ya karatasi kuukuu.

Jani la saikadi lililoungua halirudi kuwa la kijani. Hata hivyo usiyakate yote kwa hasira, kwa sababu sehemu zilizobaki na ukijani bado zaulisha mmea hadi majani mapya yatoke. Dawa ni kuusogeza chini ya mwarobaini, upate jua la asubuhi peke yake, kisha uuzoeze jua kidogo kidogo kwa majuma mengi. Huko Garissa mimi nasema usiuzoeze kabisa jua la saa nane mchana.

Dada alipoona majani yamekauka, alifanya lile ambalo kila mwenye huruma angefanya: alianza kuumwagilia maji. Kila jioni, kopo zima, na siku za joto kali makopo mawili. Maji yenyewe yaliletwa kwa mkokoteni wa punda kwa mitungi ya lita 20, yakilipiwa. Baada ya miezi mitatu alinipigia simu akasema, "Kaka, shina la mti wako limelegea kama embe bovu."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba saikadi nyingi zinazokufa katika nchi ya ukame hufa kwa maji. Mizizi yake ni minene, na shina lake ni ghala la wanga na maji. Udongo ukikaa umelowa kwa joto la Garissa, ghala huoza. Nilisafiri tena. Tuliung'oa mmea, tukauosha, na kwa kisu safi tukakata kila kilichokuwa cha kahawia na chepesi mpaka tukakuta nyama nyeupe, ngumu. Tukapaka jivu mahali palipokatwa, tukaulaza kivulini kwa siku 14 bila udongo wala tone la maji. Majirani walipita wakitusikitikia. Kisha tukaupanda tena, safari hii katika mchanganyiko ambao ningalitakiwa kuutumia tangu mwanzo: mafungu mawili ya mchanga mnene wa mto, fungu moja la kokoto ndogo na vipande vya makaa, na fungu moja la samadi ya mbuzi iliyooza sawasawa. Samadi ya mbuzi Garissa ni bure, ikiwa utaamka mapema.

Chungu kiwe kirefu kuliko kilivyo kipana, chenye matundu makubwa chini. Cha udongo wa kufinyanga ni bora kuliko cha plastiki, kwa kuwa hupumua, na cheusi cha plastiki kikikaa juani hupika mizizi. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu acha. Chomeka kijiti: kikitoka na unyevu, subiri. Kwa Garissa, chungu cha kadiri chini ya kivuli huhitaji maji mara moja au mbili kwa juma wakati wa jilaal, yaani kile kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Mvua za gu na deyr zikinyesha, uache mti uhudumiwe na mbingu. Usimwage maji katikati ya kichwa, pale majani yanapochipuka.

Jambo jingine lililotutia wasiwasi ni vijinundu vilivyochomoza juu ya udongo, kama matawi madogo ya marijani. Dada alitaka kuvikata akidhani ni ugonjwa. Viacheni! Hiyo ni mizizi ya namna ya pekee, ndani yake mkiwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho wanaonasa nitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea. Saikadi hujitengenezea sehemu ya mbolea yake yenyewe, ndiyo sababu huweza kuishi miambani.

Wajir si Mombasa, Mombasa si Limuru

Mkazi wa Wajir ana kazi tofauti na wa Garissa. Ardhi ya Wajir ni ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vyake yana chumvi. Katika udongo wa chokaa, madini ya manganizi hufungika, mizizi isiweze kuyanyonya, na matokeo yake ni majani mapya yanayotoka ya manjano na kusokotana kama nywele zilizounguzwa. Usipande ardhini huko. Panda chunguni, kwa mchanganyiko wako mwenyewe, na ukiweza kinga maji ya mvua kutoka paani. Mara moja baada ya miezi michache mimina maji mengi kupita kiasi ili chumvi iliyojikusanya ioshwe itoke chini.

Mombasa ni rahisi zaidi, na ile saikadi yetu ya Pwani hustawi huko bila kubembelezwa, chini ya miembe. Taabu ya Pwani ni wadudu magamba, weupe, wanaong'ang'ania upande wa chini wa jani kama ukoko wa chumvi. Wafute kwa kitambaa na maji ya sabuni wakiwa wachache. Wakishakuwa wengi kata majani uyachome.

Nairobi yenyewe si moja. Anayeishi kwenye udongo mwekundu wa Kikuyu au Karen aweza kupanda ardhini. Anayeishi kwenye udongo mweusi wa Embakasi au Athi River asijaribu bila kuinua tuta la mawe na mchanga, maana mvua ikinyesha udongo ule hushika maji kama sufuria. Mwezi Julai punguza maji kwa nusu. Limuru na Nyandarua, ambako usiku mwingine umande huganda, mwenye saikadi ya Kijapani hana hofu kubwa, lakini ya Pwani itaungua.

Wenye roshani za ghorofa, kama kule Eastleigh, nao wasikate tamaa. Mmea huu hukua polepole, hivyo chungu kimoja chatosha kwa miaka mingi. Majani yote mapya hutoka kwa pamoja, mara moja kwa mwaka au mbili, yakiwa laini kama manyoya. Wakati huo usikigeuze chungu, kwa maana majani huufuata mwanga na yatakakamaa yakiwa yamepinda. Ndugu zetu walioko Minneapolis, ambako theluji hutanda miezi kadhaa, huweza kuuweka ndani kando ya dirisha lenye jua na kuunyima maji kwa majuma kadhaa wakati wa baridi. Na asiyeamini kwamba saikadi huishi chunguni na afike bustani ya Kew, London. Kuna moja ambayo Francis Masson aliileta kutoka Afrika Kusini mwaka 1775. Hadi leo imo chunguni. Katika miaka hiyo yote imejulikana kutoa koni mara moja tu, mwaka 1819.

Kesi ya mbuzi

Mmea wa dada ulipopona, ulitoa majani mapya saba. Tulifurahi. Asubuhi moja mwanambuzi wa mzee jirani, wa miezi minne hivi, alipenya uani na kuyatafuna matatu. Jioni alikataa kunyonya. Kesho yake alikuwa akiyumba, na siku ya tatu akafa. Hakuna daktari wa mifugo aliyempasua, hivyo siwezi kuapa kwamba ni saikadi. Lakini saikadi ina sumu, kila sehemu yake, na mbegu ndizo hatari zaidi. Hushambulia ini. Mbwa hufa kwa mbegu moja au mbili tu. Ng'ombe na mbuzi wanaokula majani huugua, na ng'ombe wa Australia hujulikana kupooza miguu ya nyuma kwa sababu hiyo.

Wala si wanyama pekee. Mwaka 1901, wakati wa vita vya Makaburu na Waingereza, Jan Smuts na wapiganaji wake wenye njaa walikula mbegu za saikadi katika milima ya Zuurberg. Wengi walianguka kwa maumivu na kutapika, na Smuts mwenyewe alikuwa taabani. Ndiye Smuts yuleyule aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1916 kuwaongoza wanajeshi wa Uingereza dhidi ya Wajerumani. Ni kweli kwamba sehemu kadhaa za Afrika watu wameugeuza wanga wa saikadi kuwa chakula wakati wa njaa, na hata jina la kisayansi la saikadi za Afrika lina maana ya mkate ndani yake. Lakini kazi hiyo ya kuloweka na kuchachusha ilikuwa ya watu waliorithi ujuzi wake, na hata hivyo sumu haikuisha yote. Usijaribu jikoni kwako.

Nilipopata habari nilikwenda kwa mzee yule na shemeji yangu. Tulikaribishwa chai ya maziwa yenye hiliki. Nilisema nimekuja kulipa mbuzi. Mzee alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Huo mti, ulijua una sumu?"

"Sikujua, Mzee. Aliyeniuzia hakuniambia."

"Mbuzi atazaliwa mwingine," akasema. "Lakini hao watoto wanaokuita abti hucheza hapo kila siku. Ungemlipa nani?"

Pesa alizipokea, kwa kuwa haki ni haki, lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Jioni hiyohiyo tulikitoa chungu uani. Sasa kimekaa juu ya ukuta wa tangi la maji, kimezungushiwa wavu wa kuku, mahali ambapo hata mbuzi wa Garissa, wanaopanda juu ya magari, hawajafika. Watoto wamefunzwa kutogusa. Mti wenu ukiwa jike na ukazaa mbegu, zile nyekundu au za rangi ya chungwa zinazometameta kama peremende, ziokoteni zote siku hiyohiyo, mkivaa glavu. Mtoto akimeza, msingoje atapike: mpelekeni hospitali pamoja na mbegu moja ya kumwonyesha daktari.

Swali la mwisho la kujiuliza kabla ya kununua ni mti umetoka wapi. Saikadi za Afrika zimo katika orodha kali kabisa ya mkataba wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama, na kuzing'oa msituni ili kuziuza ng'ambo ni marufuku. Wezi hawajali. Mwezi Agosti 2014 zaidi ya saikadi 20 za aina adimu ziliibwa katika bustani ya Kirstenbosch, Cape Town. Kwa hiyo ukimkuta muuzaji ana shina moja kubwa, lenye mizizi iliyokatwa kwa panga na makovu ya moto wa msituni, ilhali hana miche midogo hata mmoja, jua kwamba hakuipanda yeye. Nunua mche mdogo, au chukua chipukizi kutoka ubavuni mwa mti wa rafiki, uliache kidonda chake likauke juma zima, ndipo ulipande.

Mti wa dada nao umeshatoa machipukizi mawili. Moja limeombwa na yule mzee. Amesema atalipanda ndani ya boma la ngamia wake, katikati ya rundo la mawe, na kulizungushia miiba pande zote, kwanza aone kama ngamia wana akili kuliko mbuzi.